Wacheni Makofi, Jengeni Rampu

Leo sina vichekesho. Kama ulikuja kucheka, rudi kesho.

Kuna video ambayo kila msimu wa mahafali lazima ipite kwa simu yako. Unaijua. Ngoma za isukuti zinalia, mama ameangua kilio, shangazi anapiga vigelegele, na katikati ya hiyo shangwe kuna mwanafunzi mwenye ulemavu anabebwa na wenzake wanne kupanda jukwaa. Wimbo wa injili umewekwa chini chini. Ukifungua comments: "Imenitoa machozi." "Mungu ni mwaminifu." "Na wewe mwenye miguu miwili unasema maisha ni magumu?" Moyo, moyo, moyo.

Mimi huwa na swali moja tu. Kwani hilo jukwaa halina rampu?

Ju fikiria. Hiyo ni siku ambayo chuo kimejipamba, hema zimepangwa wiki nzima, wageni wa heshima wamekuja. Kama siku hiyo bado anabebwa, niambie alikuwa anaingiaje darasani Jumanne ya kawaida, mvua ya Kakamega ya saa tisa ikinyesha, bila kamera na bila wimbo.

Hicho ndicho ninachotaka kusema leo. Kumpa mtu nafasi chuoni na kumfungulia mlango ni vitu viwili tofauti. Sisi tumekubali chuo kitoe nafasi, halafu mlango autafute mwenyewe, kwa mgongo wa mamake na mabega ya marafiki. Akifika mwisho tunampigia makofi, na yale makofi yanafunika sauti ya swali.

Hapa kwetu tuna lile jiwe la Ilesi, barabara ya kwenda Kisumu. Linalia tangu babu zetu. Machozi miaka yote, na halijajenga rampu hata moja. Comments zetu ni hivyo hivyo.

Najua kuna mtu ashaandika, "Wewe dropout, unatuambia nini kuhusu chuo?" Ni kweli, niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda. Sioni haya. Lakini kitu kimoja nilikiona vizuri nikiwa huko: mimi nilitolewa na pesa, na kulikuwa na wenzangu waliokuwa wakitolewa na ngazi. Wote tulihesabiwa kwa kikapu kimoja: "wameacha."

Kulikuwa na jamaa kwa darasa letu, anatembea kwa magongo. Chuo sikitaji na yeye simtaji, kwa sababu hii si story ya chuo kimoja. Darasa lilikuwa ghorofa ya tatu. Kwa hivyo tulikuwa tunambeba, zamu kwa zamu. Mmoja anabeba magongo na begi, wawili wanambeba yeye. Kwa nje inaonekana ni upendo, na upendo ulikuwepo kweli. Lakini nilikuja kugundua kitu: yule msee alikuwa hawezi kukosana na mtu. Hawezi kumwambia mtu "ulinikosea jana." Hawezi kununa. Hawezi kuamka na mood mbaya. Akikosana na mmoja wetu Jumatatu, Jumatano hana miguu. Ilibidi acheke kila joke, hata zile za kumdhihaki, kwa sababu aliyezisema ndiye mwenye bega.

Sasa wewe fikiria ulikuwa chuoni ukiwa na miaka 20 na huruhusiwi kukasirika. Huo si urafiki tena, ni deni ambalo linaanza upya kila asubuhi. Rampu haidai. Rampu haikukumbushi ilichokufanyia. Unaweza kupita juu yake ukiwa umenuna na itakupitisha tu. Hiyo ndiyo tofauti ya hisani na haki, na ndiyo sababu watu wanapigania saruji wakati wewe unawapa pole.

Na haki yenyewe imeandikwa, hatuombi kitu kipya. Katiba ya 2010, kifungu cha 54: mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa, kuingia taasisi za elimu, kufikia mahali popote na habari yoyote kwa njia inayofaa, kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine inayomfaa. Kabla ya hapo kulikuwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003. Hiyo iliwapa wenye majengo ya umma miaka 5 kuyarekebisha. Wasee, sheria ya 2003! Wengi wenu mlizaliwa karibu na mwaka huo. Hiyo sheria ni rika lenu. Mmekua, mmefanya KCPE, mmefanya KCSE, mmeota ndevu, na kuna majengo ambayo bado yanasubiri kurekebishwa. Mwaka 2008 Kenya ikaridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao unataja elimu ya juu waziwazi. Mei 2025 Rais akatia sahihi sheria mpya, iliyotokana na mswada wa Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe haoni. Karatasi tunazo. Karatasi ukizipanga moja juu ya nyingine zinaweza kuwa rampu, ndizo nyingi hivyo.

Kwa hivyo shida iko wapi? Shida ni kwamba kuna karo mbili.

Karo ya kwanza unaijua, iko kwenye barua ya kuitwa chuo. Karo ya pili haijaandikwa popote. Ni boda ya kila siku kutoka Lurambi au Sichirai, kwa sababu njia ya kutembea ni matope na kiti cha magurudumu hakipiti. Ni keja ya bei ya juu, kwa sababu zile za bei nafuu zina choo cha nje chenye kidato na mlango mwembamba. Ni hela ya yule anayekusomea notes. Ni nauli ya ndugu anayekusindikiza, na yeye mwenyewe ameacha shughuli zake. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu husaidia baadhi ya wanafunzi na karo, na hapo shukrani. Lakini karo ya pili inalipwa na nani? HELB ni mkopo. Ukiutumia kulipa msaidizi, maana yake unakopa ili ufike mahali ambapo mwenzako anafika bure, halafu unaanza kazi ukiwa na deni la miguu yako.

Uingereza wana posho ya wanafunzi wenye ulemavu, ya kulipia vifaa na wasaidizi. Hairudishwi, na haiangalii mshahara wa baba yako. Utaniambia Uingereza ni tajiri. Sawa, tuvuke hapo Busia. Uganda hutenga nafasi 64 kila mwaka kwenye ufadhili wa serikali wa vyuo vikuu vya umma, kwa wanafunzi wenye ulemavu. 64 ni kidogo, nakubali. Lakini ni namba. Namba unaweza kuidai iongezwe. Huruma huwezi kuidai iongezwe.

Sasa hiki ndicho kitu kinaniudhi kuliko vyote. Shule ya upili ina msaada kuliko chuo kikuu! Mtoto asiyeona akifanya KCSE, KNEC humpa karatasi ya Breli au maandishi makubwa, na muda wa ziada. Msichana kiziwi aliyesoma St. Angela Mumias alikuwa na walimu wanaotumia ishara na wenzake wa kuongea nao kwa mikono kuanzia asubuhi hadi usiku. Anapita mtihani. Anafika chuo, mahali tunapaita kilele cha elimu, na ghafla hakuna anayejua hata kumsalimia. Mhadhiri anaandika ubaoni huku ameupa darasa mgongo, kwa hivyo hata midomo haisomeki. Mtu anachekesha, darasa zima linacheka, yeye anaangalia nyuso tu. Anamuuliza jirani kwa karatasi, "Amesema nini?" Jirani anaandika, "Si kitu muhimu."

Si kitu muhimu. Miaka 4 ya hiyo.

Lugha ya Ishara ya Kenya ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, Katiba imesema hivyo. Rais akihutubia taifa unaona mkalimani kwa kona ya skrini. Nenda darasani uangalie kona. Na mkalimani si rafiki anayejua kuandika jina lake kwa vidole. Ni kazi ya kitaalamu inayochosha ubongo na mikono. Somo refu linahitaji wawili wa kupokezana, mmoja akifanya, mwingine akipumzika. Hiyo lazima iwe kwenye bajeti ya chuo kama chaki na projekta. Hakuna mwanafunzi anayeambiwa aje na projekta yake.

Twende kwa wasioona. Wengi wenu hamjui kwamba simu ya Android unayoshika sasa ina TalkBack, inayosoma maandishi kwa sauti. Kwa kompyuta kuna NVDA, inapakuliwa bure kabisa. Ilianzishwa 2006 na vijana wawili wa Australia ambao wote hawaoni. Kwa hivyo teknolojia iko, na bei yake ni bando. Halafu mhadhiri anafanya nini? Anapiga picha notes zake za mkono za miaka hiyo, anazituma kwa grupu ya WhatsApp. Ile programu ikifika hapo inasema tu "picha." Hivyo tu. Picha. Kurasa 40 za "picha." PDF iliyoskaniwa mara nyingi ni hadithi hiyo hiyo. Mwanafunzi amekaa na simu inayoweza kusoma kitabu kizima, na amefungiwa nje kwa sababu mtu hakutaka kutuma faili iliyochapwa. Kumbuka hiyo ukisikia mtu akisema "hakuna pesa." Kutuma faili badala ya picha kunagharimu pesa ngapi?

Na si wote ulemavu wao unaonekana. Mwenye albinismu anaweza kuwa haoni slaidi kutoka nyuma, anahitaji kiti cha mbele na maandishi makubwa. Mwenye kifafa anahitaji mhadhiri ambaye hatamfukuza darasani akidhani amelewa. Kuna anayesikia sikio moja tu. Hawa wengi hawasemi, kwa sababu wameona wanaosema wanavyogeuzwa maonyesho.

Kisha kuna choo. Samahani kama unakula, lakini lazima tuongee choo. Kuna wanafunzi wa viti vya magurudumu ambao hawanywi maji tangu asubuhi mpaka jioni, kwa sababu wakinywa watahitaji choo, na choo mlango wake ni mwembamba kuliko kiti. Ukiwa msichana na uko kwenye siku zako, zidisha hiyo mara mbili. Mtu anakausha mwili wake ili aweze kusoma. Na wewe unamwita "shujaa." Hataki ushujaa. Anataka kukojoa.

Najua majibu yenu, nimeyasikia yote.

La kwanza: "Hao si ni wachache?" Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya laki 9 wenye ulemavu, kuanzia umri wa miaka 5. Hao wako. Kama kwa darasa lako la watu 200 huoni hata mmoja, usiseme hawapo. Jiulize walichujwa wapi. Ukijenga mlango mwembamba halafu ukasema watu wanene hawapendi nyumba yako, umejidanganya.

La pili: "Si waende vyuo vyao maalum?" Sikri iko, kule Homa Bay. Machakos iko, ya wasioona. Karen iko, ya viziwi. Nyang'oma iko, hapo Siaya. Zimefanya kazi nzuri, na anayetaka kwenda aende. Lakini msee akipata B+ na anataka kufanya sheria, utampelekaje akafunzwe kushona kwa sababu tu masikio yake hayasikii? Mumbi Ngugi ana albinismu na ni jaji. Timothy Wanyonyi anatumia kiti cha magurudumu, ni wakili na mbunge wa Westlands. Kozi huchaguliwa kwa kichwa.

La tatu, lile la wakubwa: "Bajeti ni finyu." Vyuo vya umma vina madeni, hiyo tunajua sote. Lakini pesa ikiwa kidogo ndipo unaona nani anahesabiwa kuwa mtu. Geti jipya hupata pesa. Bango la kumkaribisha mgeni hupata pesa. Jengo jipya linapochorwa, rampu ni sehemu ndogo ya gharama. Inakuwa ghali ukiisahau, ukamaliza jengo, halafu uanze kuvunja. Na lifti peke yake haitoshi, wazee. Stima ikipotea, na hii Kakamega stima hupotea, aliye juu analala juu?

Sasa niwageukie makomredi, kwa sababu serikali nimeiongea na bado nyinyi mmekaa mkitingisha kichwa.

Nyinyi mnajua kugoma. HELB ikichelewa, mawe. Maji yakikatika hosteli, barabara imefungwa. Juni 2024 rika letu liliingia barabarani mpaka Mswada wa Fedha ukatupwa. Kwa hivyo msiniambie hatuna nguvu. Niambieni ni lini mmewahi kugoma kwa sababu darasa liko ghorofa ya tatu na mwenzenu hawezi kupanda. Komredi pawa ni ya makomredi gani?

Machi 1988, huko Washington, kuna chuo kikuu cha viziwi kinaitwa Gallaudet. Kilikuwa kimekaa miaka 124 bila rais kiziwi hata mmoja. Bodi ikachagua tena mtu anayesikia. Wanafunzi wakafunga mageti. Madarasa yakasimama, wakaandamana mpaka Bunge la Marekani. Ilichukua wiki moja tu. Yule rais mteule akajiuzulu, na I. King Jordan akawa rais wa kwanza kiziwi wa chuo hicho. Hakuna aliyewabeba. Walidai, na walikuwa na masharti yameandikwa kwa karatasi.

Kwa hivyo na sisi tuandike. MMUST, Sigalagala, Bukura, na kila chuo unachosoma wewe popote ulipo. Haya hapa, chukua, peleka:

1. Darasa lenye mwanafunzi asiyeweza kupanda ngazi lihamishwe chini. Ratiba ni karatasi, inabadilishwa kwa siku moja.

2. Notes zitumwe zimechapwa, kabla ya somo. Picha za karatasi zikome.

3. Wakalimani wa lugha ya ishara wawe kwenye bajeti ya chuo, si kwenye mfuko wa mzazi.

4. Vyumba vya chini vya hosteli, vilivyo na choo kinachopitika, vitengwe kabla booking haijafunguliwa. Huwezi kumwambia asiyeona ashindane na watu elfu tatu kubonyeza kitufe saa sita usiku.

5. Alichopewa na KNEC kwenye mtihani, chuo kisimnyang'anye. Muda wa ziada, maandishi makubwa, Breli, vyote viendelee bila kuomba upya kila muhula.

6. Siku ya kwanza ya kuripoti, mwanafunzi aulizwe swali moja: unahitaji nini ili usome? Aulizwe yeye, si mamake, na jibu lifike kwa wahadhiri wake.

Tano kati ya hizo sita hazihitaji mkandarasi. Zinahitaji mtu wa ofisini aamue. Na kiongozi wa wanafunzi akija kuomba kura na fulana na mandazi, muulize hizo sita. Akikwama, mandazi kula, kura mnyime.

Na nyinyi wenzangu wa kamera. Mtu si kontenti yako. Ukitaka kumrekodi, muulize kwanza, na akikataa funga simu. Lakini kuna kitu hakihitaji ruhusa: geuza kamera. Iache ile sura yake, irekodi ile ngazi. Rekodi mlango mwembamba. Rekodi lifti yenye karatasi ya "Haifanyi Kazi" iliyofifia kwa jua. Taja jengo, taja tarehe. Ngazi haitalia, haitakupa laiki elfu kumi, lakini kuna mtu ofisini atalazimika kuieleza.

Kesho ukienda darasani, hesabu. Kutoka geti mpaka laibrari kuna ngazi ngapi? Choo cha karibu, kiti cha magurudumu kinaingia? Usiniandikie hapa chini "nimeguswa." Niandikie jina la chuo na hiyo namba. Nitazipanga zote, na tutazipeleka.